Mguu Kwanza, Kitufe Baadaye

Anayeiona BSA Gold Star ya mwaka 1959 kwa mara ya kwanza, kama amezoea pikipiki za leo, huanza kutafuta kitufe cha kuwashia kwenye usukani. Hakipo. Upande wa kulia wa injini kuna pedali ya chuma iliyokunjwa, na juu yake silinda moja ya cc 500 inayosubiri mguu wa mtu. Nimetengeneza pikipiki kubwa za zamani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwanza Moshi, baadaye Birmingham zilikozaliwa nyingi kati yao, na swali ninaloulizwa kuliko mengine yote halihusu mwendo wala bei. Watu wanataka kujua kama waendelee kupiga kiki au wafunge stata ya umeme.

Wengi wanaouliza hutarajia nichague upande. Wako wanaoona kitufe kinaivunjia mashine heshima yake, na wako wanaoona kiki ni mateso yaliyopitwa na wakati. Mimi nashikilia jambo jingine: kiki ni kipimo cha afya ya injini kabla hata haijawa njia ya kuiwasha. Stata inayofungwa kwenye injini iliyoshindwa kuwaka kwa kiki inauficha ugonjwa tu, na ugonjwa utatokea tena, safari hii mbali na nyumbani.

Mjomba wangu alikuwa na gereji karibu na Soko la Mbuyuni, Moshi, na ndani yake aliiweka BSA M20, pikipiki ya jeshi la Uingereza ya Vita Kuu ya Pili. Kiwanda cha Small Heath, Birmingham, kilitengeneza takriban 126,000 za aina hiyo, na vita vilipokwisha nyingi ziliishia mikononi mwa raia. Hiyo ya mjomba aliipata kwa mkulima wa kahawa. Ni injini mpole: valvu zake ziko ubavuni, mgandamizo wake ni mdogo, nguvu zake ni kama farasi 13 tu. Hata hivyo mjomba alikataa nisikanyage pedali kwa nguvu kabla sijaijua kwa kiganja. Alikata moto, akachomoa waya wa plagi, akanipigisha goti sakafuni.

"Isukume kwa mkono, mjomba. Polepole. Itakapokukatalia, simama hapo hapo."

Pedali ilishuka kwa ulaini, halafu ikagoma. Nikaisukuma zaidi, ikalegea ghafla na kuteremka hadi chini. Nikarudia tena na tena, huku mjomba akiendelea na kazi zake kama vile sipo. Nilikuwa napapasa injini kama mkunga anavyopapasa tumbo, najua kilichomo ndani bila kukiona. Pale pedali inapogoma, valvu zote mbili zimefungwa na pistoni imeanza kubana hewa. Katika kila mizunguko miwili ya injini ya silinda moja, mahali hapo pako mara moja tu. Mtu anayekanyaga ovyo huangukia popote: pengine anasukuma pistoni inayotoa moshi na kujichosha bure, pengine anakutana na mgandamizo mguu ukiwa nusu njia, nguvu ikiwa imeshamwishia. Anayepapata mahali hapo kwanza, akapapita kidogo, akairudisha pedali juu kabisa, huyo anapewa karibu mizunguko miwili ya bure kuipa injini kasi kabla haijafika kwenye mgandamizo unaofuata. Kasi hiyo ndiyo inayowasha. Nimeona mabinti wembamba wakiwasha mashine ambazo wanaume wa miraba minne wamezishindwa.

M20 husamehe. Birmingham nilikutana na zisizosamehe.

Gereji niliyoajiriwa ilikuwa Digbeth, na fundi mkuu wake alikuwa mzee aliyeanza kazi ujanani katika viwanda vya mji ule. Siku zangu za mwanzo alinikabidhi Velocette Venom, silinda moja ya cc 499 iliyotengenezwa Hall Green, upande wa kusini wa mji. Jina la Venom ni kubwa kwa haki. Machi 1961, katika uwanja wa Montlhéry nchini Ufaransa, Venom ilikuwa pikipiki ya kwanza duniani kukimbia saa 24 kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 161. Lakini pikipiki hiyo hiyo ina sifa nyingine inayojulikana na kila anayeimiliki: gia zake za kiki huizungusha injini polepole mno. Ukiikanyaga kwa hasira, unapata mzunguko mdogo kuliko unaohitajika, na magineto ikizunguka polepole hutoa cheche dhaifu. Hapo nguvu za paja hazikusaidii. Kinachokusaidia ni kufuata utaratibu wote bila kuruka hata hatua moja.

Utaratibu wenyewe ndio huu. Unafungua petroli. Unabonyeza kitufe kidogo cha kabureta mpaka petroli ichuruzike, kama injini ni baridi. Kama ni ya moto, hukigusi kabisa. Akselereta unaiacha imefungwa, au unaifungua kidogo kiasi cha unene wa sarafu. Unaichelewesha cheche kwa wenzo ulio kwenye usukani, ikiwa pikipiki yako ina wenzo huo. Unaishusha pedali hadi igome. Unavuta wenzo mdogo unaoinua valvu ya kutolea moshi, unaipitisha pistoni kileleni kwa upole, unauachia. Unairudisha pedali juu. Kisha unasimama na uzito wako wote, unateremka nao moja kwa moja hadi chini, bila kusitasita katikati. Mzee wa Digbeth alikuwa akifanya hayo yote akiwa anaongea na wateja, na Venom ilikuwa inaitikia.

Kusitasita katikati ndiko kunakovunja watu. Cheche ya injini ya petroli hutolewa kabla pistoni haijafika kileleni, ili mwako upate muda wa kuenea. Injini ikiwa kwenye kasi, hilo ndilo sawa. Ikizungushwa polepole na cheche ikija mapema mno, mwako huikuta pistoni bado inapanda na kuirudisha chini kinyumenyume, na pedali hurudi juu pamoja na mguu ulioko juu yake. Gold Star aina ya DBD34, yenye karibu nguvu za farasi 40 na kabureta kubwa ya mashindano, inaweza kumrusha mtu mzima. Nimeona vifundo vya miguu vilivyoteguka na soli za viatu zilizobanduka. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoufanya uhodari wa kiki kuwa kipimo cha uanaume. Anayekanyaga ili aonekane hukanyaga vibaya, na kiunoni au gotini atakuja kuhesabu gharama yake.

Lakini faida ya kiki, ile niliyoielewa kwa miaka, haimo kwenye kuwasha. Imo kwenye habari zinazopanda kupitia soli ya kiatu. Pedali ikigoma kwa ulegevu asubuhi hii kuliko wiki iliyopita, kuna valvu haikai vizuri au ringi zimechoka. Ikishuka bila kukutana na chochote, meno ya ndani yameisha au klachi inateleza. Injini ikiwaka mara ya kwanza ikiwa baridi na kukataa ikiwa ya moto, natazama kabureta inayofurika, kisha koili inayochoka ikipata joto. Ikitoa mlipuko mmoja kwenye kabureta na kunyamaza, inaomba petroli zaidi. Ikirudisha teke mara mbili mfululizo, taimingi imesogea. Mwenye pikipiki ya kiki hupokea ripoti hiyo kila anapotoka nyumbani, apende asipende. Mwenye kitufe haipokei. Mota inamzungushia injini mara kumi, mara ishirini, hatimaye inawaka, naye anaondoka akidhani mambo ni mazuri.

Hamu ya kuuweka mguu pembeni ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1912 Cadillac iliuza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, na miaka miwili tu baadaye kampuni ya Indian ya Marekani ikaleta Hendee Special, pikipiki ya silinda mbili ya cc 1000 yenye stata ya umeme. Betri za wakati ule hazikuweza kuubeba mzigo huo, na mpango ukaachwa. Ilichukua nusu karne hadi wazo hilo kuota mizizi kwenye pikipiki kubwa. Harley-Davidson iliweka stata kwenye pikipiki yake kubwa ya mwaka 1965, na hapo ndipo lilipotoka jina Electra Glide. Wajapani walikuwa wameshaizoea kwenye injini ndogo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Honda CB750 ilipoingia sokoni mwaka 1969 ilikuwa na kitufe na kiki pamoja.

CB750 hiyo ina somo ambalo mafundi wenzangu wa Uingereza hawakupenda kulisikia. Injini yake ni ya cc 736, lakini imegawanywa katika silinda nne, kwa hiyo kila pistoni inabana hewa ya cc 184 tu. Ukiipiga kiki, mguu haukutani na ukuta mmoja mkubwa, unakutana na vizuizi vidogo vinavyopishana. Pikipiki iliyohitaji kitufe kidogo kuliko zote ndiyo iliyopewa kitufe, na zile za Uingereza zilizokihitaji mno zikaachwa bila kitu. Trident aina ya T160 na Norton Commando Mk3 zilipata stata mwaka 1975. Triumph Bonneville iliipata mwaka 1980, na kiwanda chake cha Meriden kikafungwa mwaka 1983. Sisemi kwamba viwanda vya Birmingham na Coventry viliuawa na kiki. Mitambo ilikuwa imechakaa, fedha za kutengeneza injini mpya hazikutengwa kwa wakati, oili ilivuja. Hata hivyo naamini mahali ambapo viongozi wa biashara walijiambia kwamba mnunuzi wa kweli hatajali kupiga kiki, mahali hapo walikuwa wameacha kumsikiliza mnunuzi. Mzee wa Digbeth alilisema hilo kwa uchungu, maana yeye ni miongoni mwa waliopoteza kazi.

Na stata zenyewe, zilipokuja, zilikuja kwa shingo upande. Ile ya Commando Mk3 inajulikana kwa udhaifu wake, kiasi kwamba wenye pikipiki hiyo huizungumzia kama msaidizi wa mguu. Wanaoitunza leo huibadilisha mota iwe na kaboni nne badala ya mbili, huweka waya mnene kutoka kwenye betri, na baada ya hapo inafanya kazi yake vizuri. Waya huo mnene si urembo. Mota ya kuzungusha pistoni mbili za jumla ya cc 828 inavuta umeme mwingi kwa mara moja, volti za betri zinaporomoka, na koili inayotegemea betri hiyo hiyo inabaki na makombo. Injini inazunguka vizuri, cheche haipo. Kwenye baadhi ya vifaa vya kielektroniki vya zamani hali ni mbaya zaidi, kwa sababu volti zikishuka sana cheche inaweza kuja wakati usio wake, injini ikarudisha teke, na safari hii teke linaishia kwenye gia za stata. Mguu hauna tatizo hilo. Unaizungusha injini bila kuigusa betri, na umeme wote unabaki kwa ajili ya cheche.

Mteja mmoja ndiye aliyenifanya nielewe namna ya kuyaweka mambo haya mawili pamoja. Alikuwa mwalimu mstaafu, amewekewa nyonga ya bandia, na pikipiki yake ya silinda mbili ya cc 750 alikuwa nayo tangu ujana wake. Alikuja na boksi la stata aliyoinunua kwa bei kubwa, akaniomba niifunge, kwa kuwa alikuwa akipiga kiki mpaka jasho linamtoka na daktari alikuwa amemwonya. Nilimwomba aniachie pikipiki, boksi alirudishe nyumbani kwanza. Hakufurahi. Alidhani namnyima haki yake kwa sababu ya ushabiki wa mambo ya zamani.

Nilipoikanyaga niliona nyonga yake ilikuwa imebebeshwa dhambi za wengine. Springi za kifaa cha kusogeza taimingi zilikuwa zimelegea, kwa hiyo cheche ilikuwa inakuja mapema hata kwenye kasi ndogo. Kabureta ya kushoto ilikuwa inavuta hewa kwenye kiungo chake na silinda. Oili nzito ya majira ya joto ilikuwa bado ndani katikati ya baridi, na sahani za klachi zilikuwa zimegandana usiku kucha, hivyo kila asubuhi gia ya kwanza ilikuwa ikiingia kwa kishindo. Kuhusu klachi dawa ni rahisi na haina gharama: kabla ya kuwasha, vuta klachi, shusha pedali mara mbili tatu mpaka sahani ziachane. Mengine yalinichukua siku kadhaa. Nilipomaliza, injini iliwaka kwa kiki ya kwanza ikiwa baridi na kwa kiki ya kwanza ikiwa ya moto, na pedali ilishuka kwa uzito wangu tu, bila kurukia.

Mzee wa gereji alidhani kazi imeisha. Mimi nikampigia mwalimu simu alete boksi lake. Nyonga yake ilikuwa bado ni ya bandia, na ipo siku angesimama kwenye mteremko, injini imezimika, magari yakiwa nyuma yake, na hiyo siyo hali ya kumwambia mtu wa umri wake asimame juu ya pedali. Nikaifunga stata. Kwa sababu injini ilikuwa nzima, mota ilikuwa inaigusa tu nayo inaitika, betri haichoki, gia haziumii. Angeifunga kwanza kama alivyotaka, cheche ile ya mapema ingeivunja mota ile ile aliyoitolea pensheni yake. Mwalimu yule aliendelea kuendesha kwa miaka, na kila majira ya kuchipua alileta pikipiki nimpigie kiki mimi, nimwambie mguu umesikia nini.

Nilikuja kuliona jambo hilo hilo Moshi, kwenye injini ndogo kabisa. Pikipiki nyingi za bodaboda za cc 125 na 150 huja na kitufe na kiki. Mpwa wangu alikuwa na moja, na kama vijana wote wa kijiwe chake alitumia selfu, yaani stata ya umeme, mpaka betri ilipokufa. Alinipigia simu akiwa na abiria wa hospitali.

"Mjomba, kiki inakataa. Jana imewaka vizuri kabisa."

"Imewaka kwa nini?"

"Kwa selfu."

"Na kwa kiki mara ya mwisho lini?"

Alinyamaza. Abiria alihamishiwa pikipiki nyingine, na jioni tulipoifungua injini tukakuta nafasi ya valvu ya kutolea moshi imekwisha, valvu haifungi sawasawa, mgandamizo unavuja. Kwa wiki nyingi mota ilikuwa inamfichia hilo kwa kuizungusha haraka na kwa muda mrefu. Tulirekebisha valvu kwa kipimo cha bati na spana mbili. Tangu hapo nimewaomba vijana wa kijiwe kile wawashe kwa kiki kila asubuhi, safari ya kwanza, injini ikiwa baridi, hata kama betri ni mpya. Ikidai zaidi ya mara mbili, waje tuitazame kabla ya kupakia mtu.

Najua zama hizi za kiki zinapita. Injini ya kisasa inahitaji umeme kwa pampu ya petroli na kwa kompyuta yake, na betri ikifa kabisa mara nyingi hata kiki haitaiokoa. Yamaha SR400 iliendelea na kiki peke yake hata baada ya kuacha kabureta, hadi toleo lake la mwisho mwaka 2021. Ndugu yake SR500, ya mwaka 1978, ilikuwa na kidirisha kidogo kwenye kichwa cha injini kumwonyesha mwendeshaji kwamba pistoni imefika mahali pake, pamoja na wenzo mdogo wa kupunguza mgandamizo. Nawaheshimu wahandisi wale. Hawakuiondoa kazi ya mguu, waliielekeza. Mtu wa kawaida aliyefuata kidirisha kile angeweza kuwasha cc 499 bila mwalimu.

Sasa zinauzwa seti za stata kwa ajili ya pikipiki nyingi za zamani za Uingereza, na zilizo bora ni nzuri kweli. Nazifunga bila kinyongo, hasa kwa wazee, kwa wenye magoti mabovu na kwa wafupi ambao siti ya juu inawanyima mahali pa kusimama. Huko Birmingham nimeona pikipiki zilizokaa gereji miaka kumi zikirudi barabarani kwa sababu ya kitufe. Ninachokataa ni kuitoa pedali. Ziko seti zinazohitaji uiondoe na kuliziba tundu lake, na wenye pikipiki huniambia hawataihitaji tena. Huwaomba wachague nyingine, hata kama ni ghali zaidi au ni nzito kidogo. Na wanapokuja kuchukua pikipiki zao, kabla sijawaonyesha kitufe kiko wapi, nachomoa waya wa plagi, nawaomba wainame, waisukume pedali kwa mkono mpaka igome.